Jina Kabla ya Panga

Skripti ya filamu ya genge ikiandikwa Lubumbashi, ukurasa wa kwanza mara nyingi ni uleule: usiku, avenyu moja ya komini ya Katuba, panga linakwaruzwa kwenye lami, cheche zinaruka. Tuache kwanza kwamba avenyu nyingi za Katuba ni vumbi jekundu, na panga likikwaruzwa kwenye vumbi halitoi cheche wala sauti. Kosa lenyewe liko kwingine. Mwandishi ameanza na chombo, na genge halianzi na chombo. Linaanza na jina. Kabla kijana hajashika panga amekwisha kuitwa kitu ambacho mama yake hakumwita, amekwisha kujifunza kutembea kwa namna fulani, na yako maneno kumi na tano au ishirini ambayo akiyatamka mdogo wake haelewi. Panga huja baadaye, na wako wengi ambao haliwafikii kabisa.

Anayetaka kuona sinema inavyogawa majina arudi Léopoldville, Kinshasa ya leo, miaka ya 1950. Wakoloni walichuja filamu za kuonyeshwa Wakongo, na mapadri wakatengeneza zao, kama vichekesho vya Matamata na Pilipili vya padri Albert Van Haelst, vya kufundisha adabu. Watu walicheka. Lakini vijana walichokwenda nacho nyumbani kilikuwa cowboy. Wakajiita ma-Bill, kwa jina la Buffalo Bill. Shati la miraba, leso shingoni, kifua kilichojengwa kwa kunyanyua vyuma, na mitaa ikabatizwa upya: hapa Texas, pale Far West. Farasi hakuna hata mmoja. Mwanahistoria Didier Gondola, aliyewachunguza kwa undani, anaonyesha pia upande ambao wazee wanaowakumbuka huupitia haraka: uanaume ule wa sinema ulijengwa juu ya ngumi, na juu ya miili ya wasichana vilevile. Padri mmoja Mbelgiji, Joseph de Laet, aliwafuata huko huko kwenye maskani yao, na wao wakampa jina la kwao: Père Buffalo. Hata aliyekuja kuwatoa ilibidi abatizwe kwanza.

Upande wetu wa Kiswahili shati la miraba halikufika na nguvu ile. Kilichofika ni lugha. Msemo wa ma-Bill uliitwa Indubili: Bil ya Buffalo Bill, na Indu ambayo wengi huieleza kwa filamu za Kihindi zilizopendwa wakati huohuo. Kinshasa ilisimama juu ya Kilingala. Ilipofika Bukavu ikakaa juu ya sarufi ya Kiswahili, na mwaka 1988 mwanaisimu Didier Goyvaerts alichapisha utafiti kuhusu Indubili hiyo ya Bukavu. Lubumbashi tunaiita Kindubile. Kwa hiyo mtoto wa Ruashi anayejivunia Kindubile chake amebeba mdomoni jina la Mmarekani aliyekufa mwaka 1917, na hana habari naye.

Kwa nini jina la mbali lishike namna hiyo? Kwa Lubumbashi jibu lina tarakimu. Mtoto wa mji huu zamani alipata jina kutoka kwa kazi ya baba: mwana wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, baadaye mwana wa Gécamines iliyoirithi. Jina hilo lilikuja na nyumba, shule, hospitali, na mposho wa unga kila mwezi. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, uzalishaji ukaanguka hadi karibu tani 30,000, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari gani, waulizwe wenyewe. Baba alibaki nyumbani na overoli yake, na jina la mtoto likabaki tupu.

Jina tupu hupata mtu wa kulijaza. Ma-Bill walikuwamo katika ghasia za Léopoldville za tarehe 4 Januari 1959, na huko wakajikuta ndani ya historia ya uhuru. Kwetu mambo yalikwenda vibaya zaidi. Miaka ya 1992 na 1993, wakati mkoa wetu wa Katanga ukiitwa Shaba, vijana wa JUFERI, tawi la vijana la chama cha UFERI, walikuwa mstari wa mbele katika kuwafukuza Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, na waliofukuzwa walihesabika kwa mamia ya maelfu. Wale walikuwa vijana wa mitaani na wasio na kazi kama hawa wa leo, ila wao jina, wimbo na kitambaa waligawiwa na mwanasiasa. Anayeandika genge la Lubumbashi bila kujua habari hii ataandika genge la Chicago lenye majina ya Kiluba.

Kuna neno moja la kukwepa: kuluna. Ni neno la Kinshasa la kuwaita vijana wa magenge ya mapanga, wengi hulihusisha na coluna ya Kireno, yaani msafara wa askari, na lilienea huko miaka ya 2000. Kati ya Novemba 2013 na Februari 2014 polisi waliendesha Kinshasa Operesheni Likofi dhidi ya kuluna. Human Rights Watch iliandika kwamba vijana wasiopungua 51 waliuawa na 33 walitoweka. Tangu 2020 wengine wamepelekwa Kaniama-Kasese, Haut-Lomami, kwenye kambi ya Service National, yaani huduma ya taifa, kulima mahindi. Mwaka 2024 serikali ikaondoa usitishaji wa adhabu ya kifo uliodumu tangu 2003, na ujambazi wa mijini unaosababisha vifo umo katika orodha. Neno likiwa na uzito wa namna hiyo, kulibandika kwa kila kijana mwenye rasta katika filamu yako si mapambo. Polisi nao wanatazama filamu.

Sasa kazi yenyewe.

Anza na lugha, kwa sababu ndiyo inayoumbua filamu mapema. Mwandishi wa miaka arobaini na mitano akiandika Kindubile, anaandika cha mwaka 1998, na vijana ukumbini watacheka mahali ambapo muziki umewekwa wa kulia. Usikiandike kabisa. Kwenye skripti weka nia tu, kwa Kiswahili cha kawaida: «hapa anamwonya mwenzake kwamba yule mlinzi ameamka». Waite vijana wanne au watano wa miaka kumi na sita hadi ishirini na mbili, wa komini moja, si mchanganyiko wa Kenya (komini ya hapa, si nchi) na Kampemba, wacheze tukio mara tatu huku simu inarekodi. Chukua ile ya pili. Ya kwanza wanaona haya, ya tatu wameanza kukufurahisha wewe.

Halafu sikiliza wanavyobadilisha. Kijana yuleyule, siku hiyohiyo, anamwambia mama yake: «Mama, niko naenda fasi ya rafiki, nitarudia mbele ya bukari», yaani kabla ya ugali. Polisi akimsimamisha anasema: «Mon commandant, pardon, tulikuwa tunarudia ku nyumba.» Akikutana na mtu wa Kinshasa anaruka kwenye Kilingala, kibaya kibaya, lakini kwa kujiamini. Akifika kwa wenzake tu ndipo kinatoka kile cha ndani. Lugha nne kabla ya jua kuzama. Mwigizaji anayezungumza kwa namna moja filamu nzima hata akichorwa kovu usoni bado ni mwanafunzi wa kolegi aliyekopa kovu. Na maandishi ya chini ya picha yawe mistari miwili, herufi zisizozidi 37 kwa mstari. Ukizidisha, mtu wa Likasi ambaye Kindubile chake ni kingine ataacha kusoma.

Baada ya lugha, pesa. Hapa filamu nyingi za magenge, za kwetu na za nje, zinadanganya kwa kunyamaza. Tunaona simu inanyakuliwa, halafu tunaona bia mezani. Katikati kuna nini? Fuata simu moja. Tuseme imeuzwa faranga 60,000, na hii si takwimu, ni mfano wa kuandikia. Mkubwa wao, ambaye hakutoka nyumbani, anachukua 25,000. Wawili walioruka ukuta wanapata 10,000 kila mmoja. Aliyesimama kona kupiga mluzi anapata 5,000. Msichana aliyebeba simu ndani ya beseni la nyanya na kuvuka nayo barabara anapata 5,000, na yeye ndiye angekamatwa nayo mkononi. Zinazobaki, 5,000, ni za lutuku, pombe ya kienyeji, na sigara. Jumla inatimia.

Piga tukio hili kwa mikono tu. Meza, taa ya simu, noti zilizochakaa hadi zimelainika kama kitambaa, na vidole. Usionyeshe uso wa mtu kwa dakika mbili nzima. Kidole cha mkubwa kinasukuma, cha mluzi kinasubiri. Kuna wakati mkono wa msichana unabaki mezani baada ya kupewa, sekunde tatu hivi, halafu unaondoka. Hakuna mtu aliyesema neno, na mtazamaji ameelewa genge ni nini: ni mahali ambapo kijana asiye na cheo popote anapata cheo, kisha anagundua ni kilekile cha chini. Kisha kata, mpeleke nyumbani na hizo 10,000, zigeuke unga na mafuta, na mama asiulize. Kutouliza kwa mama kuna hofu kuliko panga lolote, na hakugharimu kitu.

Mavazi. Jezi za mpira wa kikapu na mnyororo wa bandia tumekwisha kuviona. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, katika Augure iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2023 na kupata tuzo ya Sauti Mpya katika kitengo cha Un Certain Regard, aliwavika watoto wa mtaani magauni ya rangi ya waridi. Kiongozi wao, Paco, anaomboleza dada yake. Usiige waridi, mwenye nayo amekwisha kuitumia. Angalia njia: vazi limetoka kwenye msiba wa mhusika, halikutoka kwenye filamu nyingine. Jiulize huyu wako amepoteza nini, kisha nenda sokoni. Bendera ya Katanga, ile yenye misalaba mitatu ya shaba, iache nyumbani hata kama inapendeza kwenye picha. Tangu Bakata Katanga, waasi wanaotaka Katanga ijitenge, walipoingia mjini Machi 2013, hakuna mtu Lubumbashi anayeiona barabarani akafikiri ni pambo.

Panga sasa, kwa kuwa lazima litakuwepo. La kweli lisikanyage mahali pa kupigia picha, hata lile butu, hata la «picha ya mbali tu». Mbao nyembamba za triplex nazo hazifai: zikigongana zinapasuka na kutoa vibanzi vinavyoingia jichoni. Nenda kwa fundi viatu, nunua mpira wa soli ule mwepesi wenye vitundu, unene wa milimita tano. Kata vipande viwili vya sentimita 55, weka katikati fito nyembamba ya plastiki inayokoma sentimita kumi kabla ya ncha, gandisha kwa gundi ya viatu, kandamiza chini ya matofali hadi kesho yake. Kingo zizungushwe kwa msasa. Rangi ya aluminiamu ya kupuliza, tabaka mbili nyembamba, maana tabaka nene hupasuka panga likipinda. Kisha kasoro ambayo kila mtu huisahau: panga hili ni jepesi, na mwigizaji hulipeperusha kama upepeo. Toboa mshikio, jaza mchanga, ziba. Uzito ukiwa mkononi na si kwenye ncha, mkono unatembea kama umeshika chuma na aliyepigwa haumii.

Damu: lita moja ya maji, kilo moja ya sukari, vijiko vinne vya chakula vya wanga wa mahindi uliokorogwa kwanza kwa maji baridi. Chemsha huku unakoroga hadi uji ushike mgongo wa kijiko, kama dakika tano. Ikipoa tia rangi nyekundu ya chakula kidogo kidogo, vijiko viwili vya chai vya kakao, na tone moja la bluu. Bila kakao inakuwa juisi ya grenadine. Ile ya nguoni iongezwe kijiko cha sabuni ya maji ili ifulike, ya mdomoni isiongezwe chochote. Shati liwe moja lenye nakala tatu. Na picha za damu zipigwe mapema, kwani sukari juani inaita nzi na nyuki, na nyuki hawasubiri mwongozaji aseme kata.

Mapigano yapangwe kama dansi. Umbali wa mkono pamoja na panga, mita moja na nusu, na lenzi ndefu, milimita 85 au zaidi, ndiyo itakayowasogeza wawili hao kwenye picha. Mazoezi kwa robo ya kasi, kisha nusu, kisha robo tatu, na hapo ndipo pa kuishia. Kasi iliyobaki itatoka kwenye uhariri na sauti. Anayepigwa ndiye anayeongoza: anatoa ishara kwa macho, mwenzake anafuata. Chagueni neno la kusimamisha kila kitu, lisilo kwenye skripti. «Simama» na «basi» hazifai, kila mtu huzipiga kelele akipigwa. «Lupopo», timu ya mpira ya mji huu, lingefaa sana, shida mashabiki wa Mazembe, mahasimu wake, wanaangua kicheko na picha inaharibika kwa njia nyingine.

Hatari kubwa kuliko panga ni majirani. Vijana wanne wenye mapanga, hata ya mpira, wakikimbia saa mbili usiku Katuba, mtu atapiga kelele ya mwizi. Baada ya hapo hakuna atakayeuliza kama kuna kamera. Watu wamechomwa moto katika miji yetu kwa kelele hiyo. Kwa hiyo barua kwa burugumestre wa komini, nakala kwa polisi, kisha shefu wa kartie na shefu wa avenyu uso kwa uso, siku tatu kabla. Usimwite shefu kwa simu. Nenda, kaa, mwite papa au mama kama umri wake unavyotaka, mwonyeshe panga la mpira alipinde mwenyewe. Jumapili tangazo lisomwe kanisani, na siku ya kazi apite mtu na megafoni. Sare za polisi za kweli msizivae, hata mkipata za kuazima.

Hata hivyo njia nzuri ni kutokupiga usiku kabisa. Piga saa kumi alasiri ndani ya parseli yenye ukuta: punguza mwanga wa kamera stopu mbili, weka joto la rangi kwenye 3200 ili picha igeuke bluu, jua liwe nyuma ya waigizaji, na mbingu isionekane hata kidogo. Ikionekana mbingu, uongo umefichuka. Faida nyingine ni kwamba hutegemei umeme wa SNEL, wala jenereta inayonguruma ndani ya mazungumzo. Ikibidi jenereta, kebo ya mita 50 na ukuta katikati. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua haitawasumbua, ila Juni na Julai asubuhi ni baridi, na kijana aliyevaa singlendi anatetemeka kiasi ambacho hakuna mwigizaji wa woga angeweza.

Wachezaji waliopita kwenye genge wanaleta ukweli, na wanaleta deni. Kwa filamu ya City of God ya mwaka 2002, vijana wa vitongoji vya Rio de Janeiro walifunzwa kwa miezi katika warsha kabla ya kamera kuwashwa, na matokeo dunia iliyaona. Waliotafutwa miaka kumi baadaye, wengine walikuwa na kazi za sinema na televisheni, wengine maisha yaliwarudisha palepale. Huwezi kudhibiti hilo lote. Yapo unayoweza. Chini ya miaka 18, mzazi au mlezi asaini na awepo. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto si karatasi ya kupamba ofisi. Jina la genge la kweli lisitajwe, maskani ya kweli yasionyeshwe, ishara za mikono zibuniwe upya, vinginevyo umetengeneza tangazo lao au umewatangazia maadui zao vita.

Malipo yatolewe kila jioni, mkononi mwa kila mtu, bahasha kwa bahasha. Atatokea mmoja, mtulivu, mwenye heshima, atasema: «Kubwa, nipatie zote, miye njo nitabagawia.» Itakuwa rahisi kumpa, una uchovu na taa hazijakusanywa. Ukimpa, umeigiza ile meza ya noti na vidole kwa pesa zako mwenyewe, na kesho asubuhi hutaongoza wewe.

Kabla ya kuondoka hesabu mapanga. Yakitoka saba asubuhi yarudi saba kwenye mfuko, mfuko ufungwe kwenye gari, na filamu ikiisha yakatwe vipande. Panga la mpira mkononi mwa mtoto saa tatu usiku, kwa mlinzi mwenye bunduki, ni panga.

Jina la mhusika halirudi kwenye mfuko. Kijana aliyecheza mkubwa wa genge ataitwa hivyo kwenye soko la komini ya Kenya miezi na miaka, na wako watakaomwita kwa kutania na wako watakaomtafuta kwa kumpima. Kwa hiyo jina hilo mlichague naye, mezani, kabla ya mazoezi ya kwanza, na akilikataa lifutwe. Kwenye jeneriki, ile orodha ya majina ya waliotengeneza filamu, andika lile alilopewa na wazazi wake kwanza, kwa herufi kubwa, na la mhusika chini yake, dogo.